Jino la Nne

Usiku ule benchi la nje ya wodi lilikuwa na watu wawili tu: mama, na mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, kofia imemfunika uso. Mama alikuwa amepakata kisanduku cha bati chenye nyaya, tupa na makufuli mabovu. Kilikuwa cha mwanawe. Walipotoka nyumbani mbiombio, mkono wake ulikishika hicho hicho kilichokuwa karibu. Chupa ya chai aliisahau, shuka aliisahau, akaja hospitali na makufuli.

Kila mlango wa wodi ulipofunguka alisimama, na kila aliposimama kisanduku kililia chakacha, mzee akagutuka.

"Kaa, mama," mzee alimwambia hatimaye. "Ukisimama hawaongezi mwendo."

"Nisiposimama watadhani nimelala, nao walale."

"Unamsubiri nani?"

"Mwanangu. Fundi wa vitasa. Alianza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kisha akalala, na nikimwamsha haamki."

Mzee hakuuliza zaidi. Mama alimshukuru kimoyomoyo, maana mtaani waliuliza sana, na majibu walikuwa nayo tayari. Walisema kalewa. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, kukojoa kwenye ndoo ya maji ya kunywa huku mama yake anamtazama, wangesema nini kingine? Lakini mwanawe hakuwahi kuonja pombe. Tangu ujana alikuwa na virusi vya homa ya ini mwilini, vimekaa kimya miaka yote hiyo, havimuumi wala havimwashi, mpaka ini likajaa makovu. Siku walipoambiwa, mama alijilaumu kwamba yeye anayejua kila kikohozi cha nyumba nzima hakuwahi kusikia kitu.

Kulipoanza kupambazuka muuguzi alitoka.

"Mama wa yule fundi?"

"Ndiye mimi. Sema tu, dada, usinizungushe."

"Ameamka. Na ametukana."

"Ametukana! Kamtukana nani?"

"Kitasa cha choo chetu. Anasema aliyekifunga alikifunga kichwa chini miguu juu."

Mama alicheka, na kicheko kikageuka kilio palepale, kisanduku kikilia chakacha mikononi. Mzee alivuta kofia chini zaidi ili asionekane kuwa anatazama.

Aliyewaeleza ugonjwa hakuwa daktari, maana daktari alikuwa na haraka. Alikuwa mfamasia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliyekuja na chupa kubwa ya dawa nzito kama shira. Fundi alikuwa amekaa kitandani, macho ya njano, mashavu yamebonyea. Mtaani waliacha zamani kumwita jina lake, walimwita Bisibisi, na mama mwenyewe alishazoea.

"Hii ni sukari ambayo mwili wako hauwezi kuila," mfamasia alisema. "Itashuka mpaka utumbo mpana. Vijidudu wa humo wataila, nao wataigeuza kuwa asidi. Tumbo litachachuka."

"Yaani mnanichachusha kama uji."

"Kwa faida yako, kaka. Chakula kikivunjwa na vijidudu hao kinatoa amonia, ile inayowasha pua kwenye choo kibovu. Ini zima huikamata na kuimaliza. Lako limechoka, kwa hiyo inaponyoka na damu mpaka kichwani. Ndiyo iliyokulaza."

"Kutoka tumboni inapitia wapi?"

Mfamasia alimtazama juu ya miwani. Kisha akachukua boksi la dawa, akachora amonia upande wake wa nyuma. Katikati aliweka naitrojeni. Chini yake aliweka hidrojeni tatu, zimetanuka kama miguu ya kigoda, na juu akaweka nukta mbili.

"Hizi nukta ni elektroni mbili zisizo na kazi. Hapo juu pako wazi. Ikiwa hivi, amonia haina chaji yoyote. Ukuta wa utumbo una mafuta, nayo inaupenya kama mtu asiye na mzigo. Sasa, asidi ni kitu chenye protoni za kugawa. Protoni ni hidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, imebaki uchi, haiwezi kukaa peke yake. Ikikutana na hizi mbili zilizo bure, inazikalia." Alichora hidrojeni ya nne juu ya zile nukta. "Zimekuwa nne, zimejipanga zote kwa nafasi sawa, na kitu kizima kimepata chaji. Maji yanakipenda, mafuta yanakikataa. Ukutani hakipiti tena. Kinabaki tumboni mpaka uende nacho chooni."

Bisibisi aliuchukua mchoro, akaugeuza huku na huku kama anavyogeuza kitasa cha mteja.

"Huu ni ufunguo wa meno matatu," alisema. "Mmeuongezea jino la nne, kwa hiyo hauingii."

"Hasa."

"Na jino lenyewe limechomelewa, au limebandikwa?"

"Limebandikwa. Uchachu ukipungua, protoni inabanduka, na amonia inarudi kuwa ile ya mwanzo. Na njia inaijua. Ndiyo maana dawa hii hainywewi leo ikaachwa kesho. Utakwenda choo laini mara mbili tatu kila siku. Usipokwenda, ongeza kijiko. Na usione aibu."

Mama, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda, hakuelewa vizuri habari za nukta. Lakini yale maneno ya mwisho aliyasikia, na papo hapo moyo wake ulikwenda kwenye kibanda cha mwanawe pale barabarani, kati ya muuza vocha na mshona viatu, mahali pasipo na choo.

Waliporudi nyumbani, kitu cha kwanza Bisibisi alichofanya ni kuchonga ufunguo wenye meno matatu. Kisha akafinyanga nta ya mshumaa, akabandika jino la nne, akautundika msumarini juu ya chupa ya dawa chumbani kwake ili mama aelewe. Mama alielewa. Joto la mchana lilipopanda, nta ililegea ikaanguka sakafuni, wakaicheka wote wawili.

"Umeona?" Bisibisi alisema. "Ndivyo ilivyo. Ukizubaa tu, inarudi na meno yake matatu."

Alikuwa hivyo tangu mtoto. Kitu hakikumwingia kichwani mpaka akishike. Kabla hajaota hata ndevu, aliwahi kufungua kitasa cha mlango wa mbele aone kinavyofanya kazi, akashindwa kukirudisha, familia nzima ikalala kabati limesukumwa mlangoni. Marehemu baba yake alitaka kumchapa, lakini asubuhi akamkuta amesinzia juu ya vyuma vile vile, kitasa kimekamilika mkononi. Alipokuwa mtu mzima alijitengenezea mlango wa chumba chake, wa mbao nzito, wenye makomeo matatu yanayoendeshwa na kitasa kimoja, na mnyororo juu. Jirani yao, fundi wa kuchomelea ambaye watu walimwita Cheche, hakuacha kumtania.

"Humo ndani unamficha nani, Bisibisi? Mwizi akiuona mlango huu atajua kuna mali, atahamia hapa na familia yake."

"Aje. Akifungua nampa kazi."

Hospitali walimfundisha mama kumpima. Kila asubuhi alimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vimesimama, kama mtu anayesimamisha gari. Mikono ikitulia, kichwa ni kizima. Ikipepea kama nguo kwenye kamba, amonia imepita. Lakini mama hakuridhika na mikono peke yake, akaongeza kipimo chake. Alitoa kufuli moja kwenye kisanduku, akampa pamoja na waya uliopindwa, akamwambia alifungue. Siku nzuri, lilifunguka hata kabla chai haijapoa. Siku mbaya, Bisibisi alikunja uso, jasho likamtoka puani, na mama akisogea tu alimzuia.

"Usinisaidie, mama. Naikaribia."

Siku hizo mama aliongeza kijiko bila kuuliza.

Dawa ilifanya kazi yake yote, ile ya kichwani na ile ya chooni. Bisibisi alirudi kibandani, lakini kila mara alilazimika kumwacha mteja na kukimbilia choo cha sokoni. Muuza vocha alikuwa na mdomo.

"Fundi, mbio hizo za wapi? Au kuna mlango wa nyuma umekatika komeo?"

Watu walicheka. Bisibisi alicheka nao, kisha akamsimulia mama kama kichekesho, lakini mama aliona kwamba wakati anasimulia alikuwa anakwangua meza kwa ukucha. Mama aliona mambo kama hayo. Shida ni kwamba aliona mengi mno, na mtu anayeona hatari kila mahali huambiwa atulie mpaka mwenyewe anaanza kujituliza.

Kazi ya bweni ilikuja wakati huo. Shule ilitaka vitasa vya milango yote vibadilishwe, ikamwita yeye. Tangu augue hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Alirudi nyumbani akitembea kifua mbele, akazungumza wakati wa kula, akaomba aongezewe mboga. Mama alifurahi, na furaha ilimkalisha chini kidogo.

Ndipo sisimizi wakaja. Aliwaona asubuhi moja alipokuwa anafagia uchochoro nyuma ya nyumba, mstari mrefu mweusi unaopanda ukutani mpaka kwenye dirisha la mbao la chumba cha Bisibisi. Akamwaga mafuta ya taa. Kesho yake walirudi, wengi zaidi, akamwaga tena.

"Unakula nini kitamu chumbani?" alimuuliza mwanawe. "Sisimizi wamekufanya duka."

"Labda wananifuata mimi. Si mmenijaza sukari?"

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, mama. Chupa si unaiona inashuka?"

Chupa ilikuwa inashuka kweli. Na kufuli la asubuhi lilikuwa linafunguka. Siku hizi Bisibisi alilichagua mwenyewe, kufuli la shaba lililochubuka, akaligeuzia mgongo kidogo, akalizungusha mara moja, tayari. Mikono hakunyoosha, alikuwa na haraka, watu wa shule wanamsubiri. Lakini usiku mama alimsikia anatembea chumbani, na mchana wa mapumziko alimkuta amesinzia na kijiko mdomoni. Fulana aliivaa nje ndani. Alipoulizwa swali, jibu lilichelewa kama linatoka chumba cha mbali. Mama alimwambia warudi hospitali.

"Nimalize bweni kwanza. Mama, niache angalau hiki kimoja nikimalize mwenyewe."

Akamwacha. Kimoja tu, alijiambia, na kesho nitamshika mkono nimpeleke, apende asipende.

Kesho hiyo Bisibisi hakutoka chumbani. Jua lilishapanda. Mama aligonga, akasikia miguu inaburuzika.

"Mwanangu, kumekucha. Fungua."

"Nakuja."

Hakuja. Aligonga tena, akajibiwa "nakuja" ile ile, kwa sauti ile ile, kama kanda inayojirudia. Alizunguka uchochoroni, dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani na kitasa alichokitengeneza mwanawe. Ukutani sisimizi walikuwa wanapanda kwa utulivu, wala hawakujali mafuta ya taa.

Alirudi mbio, akamwita Cheche, kisha akakaa sakafuni mbele ya mlango na kisanduku cha bati, atafute waya, chochote. Mkono ulilikuta kufuli la shaba. Alilishika bila nia yoyote, akalivuta kulisogeza kando, na kufuli likafunguka lenyewe. Akalifunga. Akalitikisa. Likafunguka. Ndani lilikuwa limekufa zamani, halikuhitaji fundi wala waya, mtoto wa kutambaa angelifungua.

Hapo mama aliwaelewa sisimizi. Asubuhi zote zile, kijiko kilikwenda dirishani. Si dawa ingemwaibisha bwenini mbele ya walimu na wanafunzi, ngazi begani, anashuka kukimbilia choo? Kwa hiyo aliacha, akamwaga dawa kisirisiri, na kila siku tumbo lilipungua uchachu, na jino la nne likabanduka, na ile ya meno matatu ikapita ukutani kama mwenye nyumba.

"Bisibisi!" aliita. "Umemwaga dawa! Najua. Sikugombezi. Fungua tu unywe."

Mlango ulilia. Komeo la kwanza lilirudi nyuma, la pili, la tatu, na mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukaukamata, mama akachomeka mguu. Mwanawe alikuwa amesimama gizani. Pumzi yake ilinuka harufu tamu ya kuchacha, kama tunda lililosahauliwa kabatini.

"Karibu, bibie," alisema kwa adabu ya kibandani. "Umepoteza ufunguo?"

"Ndiyo, fundi. Nimepoteza."

"Wa mlango gani?"

"Huu huu. Lakini kwanza kunywa hii, umechoka na kazi." Alimimina dawa kutoka chupa ya akiba, akapitisha kikombe cha bati kwenye ule upenyo. Mkono uliokuja kukipokea ulikuwa unapepea, unaanguka kifundoni na kuinuka, unaanguka na kuinuka. Kikombe kikatoweka gizani.

"Toa mguu, bibie. Mnyororo hautoki mpaka mlango ufungwe."

Ilikuwa kweli. Kila mtu anajua mnyororo hautoki hivyo. Mama aliutazama mguu wake uliokuwa umebana mlango, akatamani kuuacha pale mpaka mfupa uvunjike. Cheche alikuwa amefika, grainda ya kukatia chuma mkononi, waya wa umeme umeburuzwa kutoka kwake.

"Usiutoe, mama," alinong'ona. "Akili si zake."

"Na mkono nao? Mkono wake unajua milango," mama alisema, akautoa mguu.

Mlango ulifungwa. Walisikia mnyororo unakwaruza, unakwaruza, unatafuta tundu lake. Kisha ulianguka, ukagonga mbao. Mama alifumba macho. Halafu kitasa kikazungushwa, na komeo la kwanza likaingia ndani ya ukuta, la pili, la tatu. Mikono ilikuwa imefanya inachofanya kila mlango ukifungwa. Umefungwa, kwa hiyo ukomewe.

"Sivyo, mwanangu! Upande mwingine! Geuza upande mwingine!"

"Nakuja."

Kitu kilianguka kule ndani, chepesi, cha bati. Baada ya muda shira nzito ilitokea chini ya mlango, ikasogea polepole mpaka kwenye vidole vya mguu wa mama. Hakuinua mguu. Aliitazama tu, yote, kikombe kizima.

"Kata," alimwambia Cheche.

"Mlango huu kautengeneza mwenyewe. Akipona ataniua."

"Akipona akuue. Kata."

Cheche alikata upande wa bawaba. Cheche za moto ziliruka ukumbini, mbao ikanuka kuungua, na ndani, juu ya ule ukelele wote, hakukusikika mtu akilalamika. Bawaba ya juu ilikatika, kisha ya chini. Wakausukuma mlango, ukainama, ukaning'inia kwenye yale makomeo matatu ambayo hayakutoka mahali pake.

Bisibisi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, fulana nje ndani, waya uliopindwa umeshikwa kwa vidole vinavyopepea. Mbele yake ukutani ulitundikwa ule ufunguo wenye meno matatu. Hakumtazama mama. Alimtazama Cheche, kisha bawaba zilizokatwa, na uso wake ukajaa hasira tulivu ya fundi aliyeharibiwa kazi.

"Mngenisubiri," alisema. "Nilikuwa naikaribia."

Mama aliingia kwa kuinama chini ya mlango, chupa ya dawa mkononi.